Udongo wa Bwawa la Mgodi

Sohrai, sikukuu ya mavuno, ilipokaribia, Maino Besra alikandika nyumba yake kwa udongo wa kijivu aliouchota kwenye bwawa la taka za mgodi wa shaba. Ulikuwa laini kama unga, na alitaka Dulmi, mke wa mwanawe, ajifungulie penye kuta nzuri.

"Nyumba inang'aa hivi, shoga, unamwoza nani tena?" jirani yake Salge alimtania. "Sisi wenye udongo mwekundu wa mpungani tujifiche wapi?"

"Jificheni kwangu!"

Walikuwa bado wanacheka alipofika Raimat, mhudumu wa afya. Kiti alikikataa.

"Mama, wapimaji wa udongo wamerudi na majibu. Udongo wa bwawani una madini ya risasi na sumu nyingine. Msiushike."

"Afadhali hatuli kuta," Maino alisema, akicheka.

Dulmi hakucheka. Alijifunika mdomo kwa pindo la sari.

Maino aliingia ndani. Nyuma ya mlango, usawa wa mtu aliyeketi, ukuta ulikuwa umechimbika kama bakuli, na alama za kucha zilionekana.

"Mimba ilikutamanisha udongo, mwanangu?" aliuliza taratibu.

"Nisamehe, mama. Ukilowa unanukia, nashindwa kujizuia. Niliogopa utasikitika, ulivyoukandika kwa mapenzi."

"Ungeibomoa nyumba nzima nisingesikitika." Alimkumbatia.

Raimat aliwatafutia gari hadi zahanati. Muuguzi alimtoa Dulmi damu, akamgusa tumbo kwa upole.

"Mtoto anacheza. Kama sumu imemfikia, majibu ya damu kutoka mjini ndiyo yatasema."

Waliporudi, Salge alikuwa ameshawatandikia mkeka kwake.

"Humo hamlali. Kwangu hakung'ai, lakini kuna nafasi."

Aliwapakulia wali wa moto, fungu kubwa akampa Dulmi. Dulmi aliegemea ukuta mwekundu, akavuta harufu yake, akafumba macho. Maino alimvuta kwake upesi. Alikuwa amekumbuka mashamba ya mpunga yalipo: bondeni, chini ya bwawa, ambako maji ya kijivu hufurika kila mvua kubwa.

"Salge," alisema kwa sauti ndogo, "huu mchele ni wa wapi?"

"Wa shambani kwangu. Wa wapi tena?"

Salge aliitazama sahani, akautazama ukuta wake. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua sahani mapajani mwa Dulmi.