Kipengele cha Kumi na Moja

Ukitaka kujua serikali inavyoomboleza, omba uonyeshwe karatasi ya ratiba. Ya siku ile ilikuwa ya rangi, nzito na yenye kung'aa, picha ya Saverio Olal juu, bendera pembeni, na chini yake vipengele kumi na vinne, kila kimoja na dakika zake. Nusura, mjane wake, alikuwa ameikunja na kuikunjua tangu asubuhi mpaka ikaanza kuchanika katikati. Hakuwa akiisoma yote. Alikuwa akisoma mstari mmoja tu: kipengele cha kumi na moja, kumtazama marehemu kwa mara ya mwisho, familia kwanza, dakika kumi na tano.

Saverio alikuwa mzamiaji wa polisi wa majini pale Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Jumamosi iliyopita boti ya abiria iliyotoka visiwani, imepakia watu mara mbili ya uwezo wake, ilipinduka gati likiwa linaonekana. Saverio na wenzake wakajitosa. Watu kumi na tisa aliwatoa kwa mikono yake mwenyewe. Alipomlaza wa kumi na tisa juu ya saruji akakaa kitako, akaomba chai, na kabla chai haijafika moyo wake ukasimama. Watu hamsini na wawili walikufa siku ile. Redio ziliacha kupiga muziki, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na wakubwa wakaanza kutafuta mtu wa kumsifu, maana wa kumlaumu angewachukua muda mrefu.

Tangu hapo mume hakuwa wa Nusura tena. Jumapili alikwenda mochwari akaambiwa na mlinzi, "Mama, hii mwili iko na amri kutoka juu. Wewe rudi kesho." Jumatatu alirudi, akaambiwa wanapima sare. Jumatano akaambiwa amehamishwa, yuko kwa kampuni ya mazishi, na kampuni nayo ikasema haifungui mlango bila barua. Nusura alizaliwa katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka pwani. Kwao mtu akifa alfajiri, alasiri ameshalala udongoni. Hajawahi kusikia maiti akingojeshwa siku sita kwa sababu waziri yuko safarini.

Lakini lililomla moyo halikuwa hilo. Asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa kwenye cherehani yake nyumbani, ana gauni la mteja wa Kabalagala la kumalizia, na pini tano mdomoni. Saverio alisimama mlangoni akasema, "Mama Lanyero, mimi nimekwenda." Akaitikia "mm" bila kuinua kichwa. Miaka kumi na moja waliishi pamoja, na siku ya mwisho akamuaga mumewe kwa pua. Alichokuwa akikitaka sasa ni kidogo sana: amtazame. Amtazame vizuri, uso mzima, kama alivyopaswa kumtazama akiwa mlangoni. Baada ya hapo wampeleke wanakotaka.

Shughuli iliandikwa kuanza saa nne. Waziri alifika saa saba na nusu, na mvua ya manyunyu ilikuwa imekuja na kuondoka mara mbili. Jeneza lilikuwa katikati ya uwanja wa gwaride, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, limevikwa bendera, askari wanane wamelizunguka. Mkubwa wa hao wanane alikuwa Oyet, koplo, aliyekuwa majini na Saverio siku ile. Asubuhi alimpitia Nusura kwenye tenti ya familia akachutama mbele yake.

"Shemeji, mimi nakwambia mapema," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ndiyo mwisho. Kipengele ya kumi na moja ikiisha, sisi tunafunga na skurubu. Halafu helikopta. Kule kwao Acholi hakuna kufungua tena. Ni amri."

"Lakini hapa nitamwona?"

"Hapa utamwona. Iko kwa ratiba."

Basi Nusura akaishika ratiba kwa mikono yote miwili.

Kando yake alikaa shangazi yake, Ruqayya, mwalimu wa madrasa, ambaye Kampala nzima inayomjua humwita Senga, shangazi kwa Kiganda. Senga alikataa kukanyaga nyumba ya Nusura kwa miaka mitatu baada ya binti yao kuolewa na Mkatoliki, tena askari. Saverio hakubishana naye. Kila akirudi kutoka doria alimpelekea sangara mzima, akamwachia mlangoni, akaenda zake. Mwaka wa nne Senga akamwita ndani, akamwambia samaki wake wana miba mingi mno, na tangu siku hiyo alikuwa mkwe wake kuliko wakwe wote. Sasa alikuwa amempakata Lanyero, mtoto wa miaka sita, aliyechoka mpaka akalala mdomo wazi.

Meya alianza. Alisema hana mengi. Nchi yetu ina namna yake, na msomaji anaijua: mtu anayesema hana mengi, tafuta pa kuegemea. Meya alichukua dakika arobaini. Baada yake akaja mbunge wa kwanza, naye alisimama tu kusalimia. Akasalimia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiganda, kisha akakumbuka kuwa mbele yake wamejaa polisi, akawatupia Kiswahili kidogo cha kuwachekesha. Mbunge wa pili aliahidi kumsomesha Lanyero mpaka mwisho wa sekondari. Wa tatu, aliyekuwa na jimbo linalopakana na la wa pili na ugomvi naye wa miaka, akaahidi kumsomesha mpaka chuo kikuu. Kiongozi wa upinzani alikataa kuachwa nyuma, akataja udaktari wa falsafa. Watu wakapiga makofi. Lanyero aliendelea kulala, na hesabu za darasa la kwanza zilikuwa bado zinamshinda.

Kila mmoja wao alisema "shujaa wetu." Nusura alisikiliza akijaribu kumpata mumewe ndani ya neno lile na hakumpata. Yule waliyekuwa wakimsema hakuwa na kikohozi cha asubuhi, hakuchukia bamia, hakuimba vibaya akioga. Ilikuwa kama wanamsifu mtu wa mtaa mwingine. Akaangalia jeneza. Hatua thelathini, pengine thelathini na tano. Alimtamani kwa namna iliyomtia haya, jinsi anavyotamaniwa mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa.

"Kipengele gani sasa?" Senga aliuliza.

"Cha sita."

"Na saa?"

"Kumi kasorobo."

Senga alifunga macho, midomo yake ikaenda kwenye dua. Wawili hao walikuwa wameanza kuelewa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Aliyelisema ni mshereheshaji, Inspekta Mubarak, kijana nadhifu aliyekuwa akitazama angani zaidi ya alivyotazama watu. Saa kumi na nusu alichukua maikrofoni. "Waheshimiwa, tafadhari, wakati umetubana. Ndege haiwezi kuruka giza ikiingia. Kwa hiyo kipengele ya kumi na kipengele ya kumi na moja tunaruka. Tunaenda kwa neno la familia, dakika mbili, halafu Mheshimiwa Waziri atatoa nishani na kuhutubia."

Alilisema vivi hivi, kama mtu anayetangaza kuwa soda zimekwisha. Kwenye tenti ya wakubwa wengine walishukuru, maana viti vilikuwa vimewaumiza. Nusura aliisoma tena karatasi yake. Mstari ulikuwa palepale, umeandikwa kwa wino, familia kwanza.

Mubarak akaja mwenyewe mpaka tentini na karatasi nyingine. Ilikuwa hotuba yake Nusura, iliyoandikwa na ofisi moja kwa Kiingereza. Ilishukuru serikali mara saba na kumtaja Saverio mara moja.

"Mama, wewe nasoma hii tu," alisema. "Dakika mbili. Hapana ongeza."

"Sitamwona?"

Mubarak hakuwa mtu mbaya. Alitazama viatu vyake. "Mama, mimi niko chini ya ratiba. Wakubwa wamekula wakati. Mimi nafanya nini?"

Nusura alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alitembea kwenye nyasi zilizolowa mpaka penye maikrofoni, ile hotuba mkononi. Kamera zote zilimgeukia. Alikuwa na hofu ya kweli: kota wanayoishi ni ya polisi, pensheni bado haijatiwa saini, na mjane anayeudhi wakubwa husahaulika haraka kuliko anayewafurahisha. Yote hayo aliyafikiria. Kisha akafikiria pini tano mdomoni.

"Nimepewa dakika mbili," alisema. "Nashukuru. Lakini nyinyi sina la kuwaambia. Naomba dakika zangu nikae naye yeye."

Aliiweka hotuba juu ya nyasi, akaenda kwenye jeneza.

Oyet alibaki amekakamaa, macho mbele, jinsi kazi inavyotaka. Ni macho tu yaliyotoka mahali pake: yakamtazama kamanda wake. Kamanda akamtazama Waziri. Waziri, ambaye kwenye miaka yake yote ya siasa hakuna aliyewahi kumwandalia jibu la jambo kama lile, akatazama kamera.

"Oyet," Nusura alisema, "nifungulie."

"Shemeji, sina amri."

"Ulimshika mkono pale gatini alipokuwa anakufa. Nani alikupa amri?"

Koplo alirudisha macho mbele. Halafu akatoa sauti ya gwaride, na wale wanane wakaikunja bendera kama walivyofundishwa, kona kwa kona, bila haraka, kwa sababu bendera haikunjwi kwa haraka hata dunia ikiungua. Mubarak akasogelea maikrofoni akasema kwa upole, "Mama, dakika zinakwenda."

"Zangu bado sijazianza," Nusura akamjibu bila kugeuka.

Mtu mmoja upande wa askari alicheka, kicheko kikamgeukia kilio. Oyet akainua kifuniko.

Alikuwa Saverio. Siku sita Nusura alihofia kwamba watakuwa wamemgeuza mtu mwingine, na walikuwa wamejaribu: poda usoni, nywele zimelazwa, sare ya sherehe aliyoichukia. Lakini kovu la kidevuni lilikuwa lake, na lile sikio moja lililojitokeza zaidi ya lingine. Nusura alimtazama. Alianza na paji la uso akashuka polepole, bila kuruka kitu, kama anayehofia kuulizwa baadaye. Akafika shingoni, na hapo akaona wamemfunga tai vibaya. Fundo lilikuwa nene na limekwenda upande.

Saverio hakuwahi kujua kufunga tai. Kila siku ya gwaride alikuja mbele ya cherehani, akainua kidevu, akafumba macho na kungoja, na Nusura akimfunga alikuwa akimsimulia habari za wateja wake ambazo hazikuwa na kichwa wala miguu, ili tu amcheleweshe. Sasa amefumba macho vilevile. Nusura akalifungua fundo la serikali. Vidole vyake vilikuwa na baridi na shingo ya mumewe ilikuwa na baridi zaidi. Akapitisha upande mrefu juu ya mfupi, akauzungusha, akaupandisha, akaushusha, akavuta taratibu mpaka likakaa sawasawa kwenye kola.

"Haya, nenda," alimwambia. "Nimekuona."

Machozi yalikuja yenyewe, nayo hakuyafuta. Zilikuwa zimepita dakika tano au sita na hakuna aliyezihesabu kwa sauti. Waziri alikuwa amesimama, na kwa kuwa yeye amesimama, tenti nzima ya wakubwa ilikuwa imesimama, mikono mbele, hawajui watazame nini. Nusura akamwambia Oyet afunike. Alirudi kwenye kiti chake kwa hatua zilezile, akimwacha Mubarak aiokote hotuba.

Waziri alipanda jukwaani. Alikuwa mzoefu, na mzoefu hapotezi kitu. Alisema kwamba kama wananchi walivyojionea kwa macho yao, serikali hii inajali, ndiyo maana imempa mjane nafasi ya pekee ya kuagana na shujaa wetu, nafasi ambayo hata kwenye ratiba haikuwemo. Makofi yakapigwa. Akamwita Nusura, akambandika nishani kwenye kitambaa cheusi cha kifuani, akamshika mkono kwa muda mrefu upande wa kamera, kisha akahutubia dakika ishirini na tano. Helikopta ilikuwa imeshaanza kuzungusha mapanga yake na maneno ya mwisho hayakusikika na mtu.

Walipolipakia jeneza, nyasi zote zililala kwa upepo. Ndege ikainuka, ikainama upande wa Bugolobi, ikashika njia ya kaskazini. Familia ilikuwa ifuate kwa basi. Senga alimfunika Lanyero vizuri na mtandio, ndipo akamgeukia Nusura.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Senga."

"Basi moyo umetulia."

Nusura aliitazama ile nukta angani mpaka ikawa haionekani tena. Siku sita aliamini kwamba akimwona tu itatosha, na hata Senga, aliyezika mume na kaka wawili, hakumwambia vingine.

"Hapana," alisema. "Sasa ndiyo namtaka."