Zriri ya Mavyaa

Mavyaa hapiki zriri bure. Ufuta ule uliosagwa na asali hupikiwa mzazi aliyetoka kujifungua tu, naye Raudha, kwa kadiri nyumba ile ya Sfax ilivyojua, alikuwa hedhini. Basi alipoletewa glasi mpaka chumbani, moyo ulimlipuka. Kikongwe hiki kimenusa!

"Kula, mwanangu," Bi Monjia alisema. "Umepauka."

"Sina njaa, Mama."

Mchana alikuwa ametumia vidonge vinne vya kutoa mimba alivyopewa kliniki. Mkunga alimwonya asikae peke yake, na pedi nene mbili zikilowa ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo, akimbilie hospitali. "Nani atakuwa nawe?" Dada yangu, Raudha alijibu. Uongo mtupu, dada yuko Tunis. Mume wa Raudha, Nejibu, alikuwa kazini Libya, akidai mtoto wa nne ilhali wa tatu hajamaliza kuota meno.

Sasa pedi ya nne ilikuwa imelowa na saa ya pili inatimia. Lakini kila akifungua mlango, mavyaa yuko pale pale na ufagio, anafagia sakafu iliyokwisha kung'aa. Anapeleleza nini? Akijua yeye, Nejibu atajua kabla ya magharibi. Raudha akarudi kitandani na kizunguzungu chake. Mjinga wa watu, alikuwa radhi kufa kwa kuogopa ulimi wa bibi kizee.

Mlango ukasukumwa.

"Pedi ya ngapi hiyo?"

"Ya pili, Mama."

"Mwongo we! Ndoo ya taka naimwaga mimi. Ya nne! Zriri nilikupikia ya nini, unadhani? Ujue kuwa najua, nisikutie haya. Nawe umeiogopa kama sumu. Inuka, teksi iko nje."

Hospitali walimtundikia dripu, wakamsafisha, damu ikakatika. Bado amelala hapo, simu ya mavyaa ikalia. Nejibu. Raudha akamkodolea macho yule mama. Yamefika, alijiambia.

"Mkeo?" Bi Monjia alisema. "Yuko hamamu. Simu ameiacha nyumbani. Kwani hata kuoga akuombe ruhusa?"

Akakata.

"Kwa nini, Mama?" Raudha alinong'ona. Hata sasa hakumwamini sawasawa.

Bi Monjia alimfunika miguu kwa shuka.

"Nilizaa tisa," alisema. "Nani aliniuliza?"