Pikipiki Kwenye Tela la Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu silitaji, hata hapa. Kwetu Rungwe, mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo unaoshika mila hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia kwenye majani mpaka mzee apite, na mzee naye anageuza uso. Wengi siku hizi wameacha. Nyumba yetu ya Masukulu haijaacha. Nina miaka tisa kwenye ndoa, na ninachokijua zaidi cha baba mkwe ni kisogo chake.

Nayasema haya mapema ili msije mkaniuliza, kama walivyokwisha kuniuliza wengine, kwa nini sikufungua mdomo mapema.

Nafanya kazi Tukuyu mjini, kwenye duka la vipuri la Mansuri. Pikipiki mpya zinapofika na lori, mimi ndiye ninayezifungua, na zinapopelekwa kwa wateja vijijini, mimi ndiye ninayezifunga. Mansuri ni mpole katika mambo yote isipokuwa hilo. Gurudumu la mbele liguse ubao. Mikanda minne, miwili kwenye usukani na miwili nyuma, ivutwe chini kila upande mpaka shokapu zizame kidogo. Stendi isiguswe. Na mtu hapandi juu yake, hata awe malaika.

Basi pikipiki ya mume wangu, Asajile, ilikufa injini. Fundi wa hapo mjini alikaa nayo wiki tatu, mwishoni akasema kipuri hakipatikani, irudishwe Masukulu ikasubiri nyumbani. Siku hiyo baba mkwe alikuwa ameleta ndizi sokoni kwa pawatila yake, lile trekta dogo la magurudumu mawili linalovuta tela na kupiga kelele mpaka dereva hasikii kitu. Tela lilikuwa linarudi tupu. Akamwambia Asajile ailete hiyo pikipiki.

Nilitoka dukani na mikanda minne begani. Kwa kuwa mzee alikuwepo, nikasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha vocha, nikachungulia. Walikuwa wanaipakia kama wanavyopakia mikungu. Chini walitandika majani ya migomba ili isiumie. Gurudumu walilibana kwa vipande viwili vya shina la mgomba, vibichi, bado vinachuruzika maji. Stendi wakaiteremsha. Kisha kamba moja ya katani ikapitishwa juu ya kiti, kutoka ubavu huu wa tela mpaka ule, ikafungwa fundo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mkungu ukiufunga hivyo unafika, maana mkungu umelala.

Nikamwita Asajile kwa mkono, akavuka.

"Mwambie baba kamba zipite kwenye usukani," nikamwambia. "Mikanda hii hapa. Dakika kumi tu."

Akaenda. Nikawaona wanazungumza, mzee akitikisa kichwa taratibu. Asajile akarudi na mikanda yote minne.

"Anasema amebeba ndizi miaka thelathini, haujadondoka hata mkungu mmoja."

"Ile si ndizi."

"Tusekile, yule ni baba."

"Umemwambia mimi ndiye ninayefunga za dukani?"

"Nimemwambia. Amesema ndaga, asante, mkwe amefikiri vizuri." Akaangalia viatu vyake. "Anasema nikae juu ya pikipiki, uzito wangu utaishika."

Asajile ana miaka thelathini na sita, anabishana na matrafiki mpaka wanamwachia, lakini mbele ya baba yake anakuwa mtoto wa darasa la pili. Nilimsihi. Nikamwambia akae nyuma kabisa ya tela, mbali na pikipiki, kama ni lazima apande. Akasema baba ataona anamdharau. Akapanda, akakaa kwenye kiti miguu huku na huku, akanipungia mkono kama bwana harusi. Nilikuwa nimekasirika, sikumpungia.

Mimi tela moja na mkwe sipandi. Nikamchukua Ezron, bodaboda wa pale dukani, nikamwambia awafuate polepole.

Kwenye lami hakukuwa na tatizo. Tulipoingia barabara ya udongo na mteremko ukaanza, nikaanza kuiona ile kamba. Kila shimo shokapu zilizama, kamba ikalegea; zilipoinuka, kamba ilikuwa imesogea nyuma kidogo. Kipande kimoja cha mgomba kikateleza, kikaanguka barabarani, Ezron akakikwepa. Stendi ikakunjika. Pikipiki ikaegemea ubao wa kushoto, na mguu wa Asajile ukabanwa katikati. Akageuka kunitazama na hakuwa anacheka tena. Akafungua mdomo, nikajua anaita baba. Pawatila ilikuwa inanguruma.

Ezron alipiga honi mpaka nikamwambia aache, haisaidii.

"Mpite," nikasema. "Nifikishe pale alipo mzee."

"Dada, yule ni mkwe wako."

"Nimesema nipeleke."

Akaongeza mafuta, tukalipita tela kwa upande wa kulia mpaka tukawa sambamba na baba mkwe, karibu kiasi cha kumshika bega. Nikavua kanga kichwani nikaipeperusha. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nikamtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sikuwahi kulijua. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Baba, simama!", huku nikionyesha nyuma.

Aliniona. Akafanya kile ambacho mzee mwenye adabu humfanyia mkwewe: akageuza uso upande wa pili, haraka, akaivuta pawatila pembeni kabisa ya barabara.

Gurudumu la kushoto la tela likaingia mtaroni. Pikipiki ikapinduka, na Asajile akiwa chini yake.

Hospitalini daktari alituambia paja limevunjika mara mbili na kifundo kimesagika. Anapelekwa Mbeya, na kuhusu mguu hawatuahidi kitu. Tukaachwa koridoni tusubiri gari. Baba mkwe alikaa kwenye benchi, uso ukutani. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya nguzo, kanga kichwani. Kati yetu palikuwa na hatua nne.

Nesi alipopita, mzee akamsimamisha.

"Mwanangu, niulizie kwa mkwe wangu. Kule barabarani alikuwa anataka kusema nini?"

Nesi akanitazama, akamtazama na mzee. "Si huyu hapa, baba? Anakusikia."

"Niulizie."

Akanijia akaniuliza. Nilikuwa na maneno mengi, na mengine hayafai kusemwa hospitalini. Nikayameza.

"Mwambie nilitaka asimame."

Nesi akampelekea. Mikono ya mzee ilikuwa imening'inia katikati ya magoti, bado ina utomvu mweusi wa migomba.

"Mwambie nilidhani anaomba njia," akasema. "Nikampisha."

Nesi akageuka aniambie. Nikamwacha aseme mpaka mwisho, ingawa nilikuwa nimesikia.