Aliyebaki na Jina

"Niandike mama nani?" Rahab aliuliza bila kuinua macho, kalamu tayari juu ya kitabu cha wageni.

Mwanamke aliyesimama mbele ya meza hakujibu upesi. Alivaa sweta ya buluu iliyochakaa viwiko, na mkononi alishika kijitabu chenye jalada la kijani. "Andika Jemutai," alisema hatimaye.

"Jemutai, mama nani?"

"Jemutai tu."

Rahab akaandika. Alipoinua uso kumwonyesha kiti ndipo alipokiona kile kijitabu. Alikijua. Yeye ndiye aliyekipanga ukurasa kwa ukurasa, akakipeleka kwa mpiga chapa, na wiki tatu zilizopita alikuwa amejipiga kifua mbele ya ofisi nzima kwa sababu yake.

Tuseme ukweli kuhusu Rahab, maana yeye mwenyewe hangekuambia. Alikuwa karani hodari. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza hiyo, katika ofisi ndogo ya kutetea wafanyakazi wanawake, ghorofa ya pili, mjini Nakuru, na barua yenye kosa haikutoka mikononi mwake. Wote walimwita Mama Jeff, kwa jina la kifungua mimba wake, naye alimwita kila mwanamke vivyo hivyo: Mama Ngigi anayeleta chai, Mama Waithera wa usafi, Mama fulani wa benki. Jina la mwanamke mwenyewe, kwake, lilikuwa kitu cha kuandikwa kwenye kitambulisho. Na kichwa chake kilikuwa kimevimba kidogo, hilo nalo tulitaje.

Mwezi wa sita, kijana wa ofisi hiyo aitwaye Wanyoike alikwenda Naivasha kuwahoji wanawake ishirini na wanne wa shamba moja la maua. Walikuwa wakilazimishwa kuingia kwenye mabanda ya plastiki kabla dawa iliyonyunyizwa haijakauka, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Walikubali kusema kwa sharti moja: majina yao yasionekane. Wanyoike aliandika maneno yao jinsi yalivyotoka, akawataja kama walivyoitana wenyewe, kisha akamletea Rahab kurasa tisini.

"Soma kila ukurasa, Mama Jeff," Sue, mkurugenzi wao, alimwambia. "Jina moja likibaki, tumemmaliza mtu."

Kurasa tisini, na zinatakiwa keshokutwa! Rahab hakubabaika, alikuwa na dawa yake. Wengi wetu tukitaka kubadilisha neno kwenye kompyuta tunatafuta neno hilo moja na kuweka jingine, basi. Lakini ipo alama ndogo, kinyota, ambayo ukiiruhusu ifanye kazi husimama badala ya herufi zozote zile. Kwa hiyo Rahab hakutafuta jina hata moja. Aliiambia kompyuta: tafuta neno Mama, kisha nafasi, kisha herufi kubwa, kisha chochote mpaka neno liishe, na kila unapokuta kitu cha namna hiyo, weka Shahidi. Akabonyeza. Kompyuta ikatulia kidogo, halafu ikamjulisha kwamba imebadilisha mara mia mbili na arobaini na moja. Mama Bravin, kwisha. Mama Muturi, kwisha.

"Dakika mbili!" alimtambia Wanyoike. "Ninyi huko chuoni mlikuwa mnafundishwa nini?"

Sue alipouliza kama amesoma, Rahab alijibu, "Nimesoma yote. Mara mbili." Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Sasa mgeni alikuwa ameketi mbele yake. Sue alikuwa mkutanoni, Wanyoike ametoka, na ofisini hapakuwa na mwingine wa kusukumiwa jambo hili.

"Nimetoka Naivasha," Jemutai alisema. "Namtafuta mtu aliyetoa majina."

"Ni kompyuta," Rahab alisema. Ulimi ulimtangulia. "Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta, dada."

Jemutai alifungua kijitabu, akakigeuza ili Rahab aone. "Nimekisoma chote. Mama Bravin hayumo. Mama Muturi hayumo. Wenzangu ishirini na watatu wote ni Shahidi. Mimi peke yangu ndiye Jemutai, mara sita." Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelewa. "Kompyuta ilijuaje kwamba sina mtoto?"

Rahab alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni. Angesema nini? Kwamba alipokuwa akiipa kompyuta ile amri, wanawake wote wa dunia walikuwa akina Mama, na haikumpitia kabisa akilini kwamba kati yao anaweza kuwepo mmoja asiyeitwa hivyo? Akavuta kijitabu karibu ili apate pa kuweka macho.

Akaanza kusoma. Jemutai alieleza pale kwamba alishika mimba mara tatu akiwa kwenye kazi ya kukata maua, na zote tatu ziliharibika. Mara ya kwanza alijiambia atamweleza mumewe ikifikisha miezi mitatu. Haikufika. Mara ya pili akaona asimpe matumaini bure. Mara ya tatu aliogopa kueleza kwa nini alinyamaza zile mbili. Watu wa kwa mumewe walikwisha kuamua kwamba kasoro iko kwa mtoto wao, yaani mumewe, wakawa wanamnywesha mizizi michungu kila anapokwenda nyumbani, naye Jemutai alimtazama akinywa na kukunja uso, akanyamaza. Rahab alipofika hapo aliziba mdomo kwa kiganja.

"Unasoma kama mtu ambaye hajawahi kuyaona maneno haya," Jemutai alisema.

Chini barabarani dereva wa bodaboda alikuwa akibishana na abiria. Rahab aliwasikiliza kwa muda, akitumaini watazidisha kelele. Walinyamaza.

"Sijawahi," alisema. "Ni mimi niliyetoa majina. Niliambiwa nisome, nikasema nimesoma. Sikusoma."

Alitegemea kutukanwa. Laiti angetukanwa! Jemutai alitikisa kichwa polepole, akakunja mikono mapajani.

"Msimamizi wa shamba alikipata kijitabu, akasoma ukurasa wangu mbele ya watu tukipanga maua," alisema. "Kuna aliyeupiga picha. Jioni ulikuwa kwenye simu ya dada yake Dalmas, mume wangu, na dada huyo ndiye aliyempelekea Dalmas. Dalmas hajanipiga. Hajanifukuza. Ameacha tu kusema nami. Leo siku ya kumi na nne. Nikiingia ndani, anatoka nje."

"Pole, dada. Pole sana."

"Pole siyo niliyoifuata. Yeye anaamini nilitaka. Anasema wenzangu wote walificha majina yao, mimi nikaona nitangazie dunia nzima jambo ambalo yeye nilimnyima. Nimemwapia. Lakini mtu aliyefichwa kitu miaka kumi na mmoja ataamini kiapo changu?" Alijisogeza kwenye ukingo wa kiti. "Nilitaka aliyetoa majina aje amwambie. Kama ingekuwa kompyuta, ningerudi mikono mitupu."

"Nitakuja," Rahab alisema.

Alasiri hiyo alimngoja Sue mlangoni, akamweleza kabla woga haujampa maneno mazuri zaidi. Sue alivua miwani, akamtazama muda mrefu. "Mara mbili, uliniambia," alisema. Aliketi na kuanza kupiga simu, vijitabu vyote virudishwe, kimoja kimoja, na kila alipoeleza sababu alisema "kosa letu." Rahab alikuwa akisikia kupitia ukuta wa mbao, na kila "letu" lilimuuma kuliko kama angetajwa kwa jina. Wanyoike alimletea kikombe cha chai mezani. Hakufanya utani wowote, na hilo nalo lilimtia haya.

Jumapili mchana Rahab alikuwa Karagita, huko Naivasha, kwenye safu ya nyumba za mabati karibu na ziwa. Dalmas alikuwa fundi wa mawe, mtu mkubwa, mpole wa sauti. Alimkuta nje ya mlango akinoa patasi. Alipomwona mgeni alisimama, akamfutia kigoda vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu, mama. Jemutai yuko ndani."

"Nimekuja kwako," Rahab alisema.

Njia nzima alikuwa ametengeneza maneno. Kulikuwa na hitilafu. Mambo ya mitambo, unajua. Wakati wa kuandaa ripoti. Aliketi, na yote yakaonekana upuuzi mtupu mbele ya mtu yule aliyekuwa akimngoja kwa adabu.

"Naitwa Rahab. Mkeo hakutoa jina lake. Aliomba lifichwe, kama wenzake. Kazi ya kulificha ilikuwa yangu. Niliiambia kompyuta ifute kila palipoandikwa Mama na jina la mtoto, nikadhani nimemaliza wote. Yeye hakuandikwa hivyo." Alimtazama usoni. "Niliagizwa nisome, nikadanganya kwamba nimesoma. Ningesoma ukurasa wake, ningeliona. Hakuna kosa lake hapo hata chembe. Ni mimi."

Dalmas alipitisha kidole kwenye makali ya patasi. Mlango wa pili, jirani alikuwa akianua nguo taratibu mno, masikio yote huku. Rahab alihisi macho ya yule mama mgongoni, akatamani ardhi ipasuke immeze, halafu akajionea aibu zaidi kwa kutamani hivyo, maana Jemutai alikuwa ameyavumilia macho hayo siku zote hizi.

"Kwa hiyo hakutaka," Dalmas alisema.

"Hakutaka."

Dalmas aliweka patasi chini. Kutoka mfuko wa shati alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ukurasa uliochanwa kwenye nakala nyingine ya kijitabu, laini kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akaufungua juu ya goti.

"Basi nisaidie hapa, wewe uliyeutengeneza. Hapa pameandikwa 'mwaka fulani'. Na hapa tena, 'mwaka fulani'. Na hapa." Kidole chake kinene kilisimama kila mahali. "Ni mwaka gani?"

Rahab akakumbuka. Siku ile, baada ya majina, kwa ile furaha ya mambo kwenda upesi, aliona afute na miaka pia, mtu asije akatambulika kwa miaka. Hakuna aliyemwagiza. Neno mwaka na tarakimu zozote nne baada yake, weka mwaka fulani. Akabonyeza, akahifadhi juu ya kazi ya Wanyoike, na ile ya kwanza haipo tena.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Niliifuta yote, baba. Sikuiangalia."

Dalmas hakukasirika. Aliendelea kuutazama ukurasa, na sasa ilionekana kwamba mambo ya nani alificha nini yalikuwa yamepita, na kwamba siku zote hizo alikuwa akifungua karatasi hiyo kutafuta kitu kingine kabisa.

"Nataka tu kujua umri," alisema. "Huyu wa kwanza. Sasa hivi angekuwa gredi ya ngapi."

Rahab aliinama kuutazama ule ukurasa. Alikuwa amesafiri kuja kusema kweli, akaisema, na sasa mtu aliyemkosea alimwomba kitu kidogo kama hicho, naye alikuwa amekifuta kwa kidole kimoja. Machozi yalimjia, akayazuia kwa sababu aliona hana haki nayo.

"Elfu mbili na kumi na tano."

Jemutai alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Haikujulikana amefika hapo lini.

"Mwezi wa nane," alisema. "Ulikuwa umekwenda Sachangwan kujenga. Uliporudi nilikuambia ni malaria."

Dalmas hakugeuka. Alihesabu kwa vidole juu ya goti, polepole, kama anayepima jiwe kabla ya kulikata. "Gredi ya nne," alisema. Jirani alikuwa ameacha kuanua nguo. "Na wa pili?"

Swali lile halikuwa kwa Rahab. Jemutai akainama kuiweka sinia chini, kizingitini, ili aweze kujibu. Rahab alitamani kuondoka, awaachie. Lakini kigoda alichopewa kilikuwa katikati yao, na kuinuka kungekuwa kuwakatiza, kwa hiyo akabaki ameketi pale, macho chini, akisikiliza neno kwa neno.