Sindano Mbili za Kambo Husna

Kule sokoni Likasi, upande wa wauza ndagala, wale dagaa wakavu, hakuna aliyewahi kumwona Kambo Husna, nyanya wa soko zima, akiogopa kitu. Mwizi mmoja alitia mkono ndani ya beseni lake; alipigwa makayabo nzima, samaki wa chumvi, shavuni, akanuka chumvi wiki mbili, hata mbwa walikuwa wanamfuata kwa heshima. Watoto saba amezaa, na mara zote saba ni yeye aliyekuwa anampa moyo mkunga.

Lakini hakuna ukuta usio na tundu la panya. Tundu la Kambo Husna lilikuwa sindano. Alipokuwa darasa la nne, wachanjaji waliingia kwa mlango, yeye akatoka kwa dirisha. Hakurudi tena shuleni. Kwa miaka karibu sitini amekuwa akiwaambia watu kwamba ni umaskini uliomkatiza masomo, na umaskini, maskini, haukuwahi kupewa nafasi ya kujitetea. Aliyeujua ukweli ni mmoja tu, marehemu mume wake, na huyo alikwenda nao kaburini.

Mwaka huu Mungu akamfungulia njia. Wanawe wakachanga, naye akaandikwa katika kundi la watu kumi na mmoja wa kwenda Umra, Makka. Jambo hilo alikuwa akiliomba katika kila swala tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kiongozi wa kundi alikuwa Mahamudu, mwenye duka la vitambaa, mtu mwema asiyejua kucheka. Akaja nyumbani kuchukua paspoti ya kupeleka kwenye viza.

“Kambo, imebaki kitu moja,” akasema. “Karte ya njano. Jumatano muganga wa chanjo anatoka Lubumbashi, atakuwa ku kituo cha afya siku moja tu.”

“Chanjo nilishameza, mutoto yangu. Mwezi uliopita. Matone mbili ya polio. Hata ya tatu niliomba, wakaninyima.”

“Ile ilikuwa polio. Hii ni sindano. Moja ya homa ya manjano, moja ya homa ya uti wa mgongo. Kule Makka bantu banatoka dunia nzima, kila mutu na kikohozi ya kwabo. Mwenye hana karte anabaki hapa Likasi.”

Chai ikampalia Kambo Husna. Mahamudu akampigapiga mgongoni, akidhani ni furaha.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na Husna mwingine. Mjukuu, binti wa miaka zaidi ya ishirini, aliyepewa jina la nyanya yake lote zima, Husna Lukumani, bila kupunguza hata herufi. Na kwetu mtu na ndoyi wake, yule anayebeba jina lake, ni mtu mmoja. Mtoto alipozaliwa, sabuni na nguo zililetwa kwa nyanya. Mtoto akifaulu mtihani, majirani wanampongeza nyanya. Mchumba wa huyo binti, akimkuta Kambo uani, anamsalimia kama mke wake, “bibi yangu, umeamkaje?” na Kambo anamwuliza kwa nini hajaleta nyama.

Jumanne jioni Kambo akamwita kwa sauti laini. Binti akatua ndoo. Sauti ile haikuwa ya bure.

“Ndoyi yangu, mukono yako ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Hapana. Jina nani alikupa?”

“Ni weye, Ndoyi.”

“Basi mukono inafuata jina. Kesho uipeleke ku kituo cha afya, ikachomwe kidogo.”

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. “Minye nichomwe, weye uende Makka?”

“Nitakuombea bwana muzuri, palepale mbele ya Kaaba.”

“Ndoyi, bwana niko naye.”

“Nimesema muzuri.”

Wakavutana kidogo. Mwisho binti akakubali kwa kikwembe cha maua ya buluu, kile Kambo alichokuwa akikivaa Idi peke yake.

Jumatano binti akaenda. Paspoti zote zilikuwa kwa Mahamudu, kwa hiyo alipoombwa kitambulisho akatoa karte yake ya uchaguzi. Papa Gracien, muganga wa chanjo, akaandika, akachoma mara mbili, akapiga muhuri. Kambo Husna alipokipokea kile kijitabu cha njano alisoma jina tu, akakikunja, akakilaza chini ya mto. Namba hakuziangalia. Miwani ilikuwa mbali na furaha ilikuwa karibu.

Usiku binti akapata homa kidogo, kama alivyoambiwa na muganga kwamba inaweza kumpata. Asubuhi majirani wakaja kumpa pole Kambo aliyechanjwa, naye ikambidi alale pia, bega limefungwa kitambaa, akipokea uji wa karanga bakuli baada ya bakuli. Na ajabu, bega likaanza kumuuma kweli.

“Sindano ya siku hizi ni kali,” akawaambia. “Lakini minye sikutikisika.”

Ndani, mwenye homa akaziba kinywa kwa mto.

Ijumaa, baada ya swala, Mahamudu akapita kukusanya zile karte. Akafungua ya Kambo, akasoma, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma tena.

“Kambo. Ulizaliwa mwaka wa elfu mbili na tatu?”

Kambo akajikuna chini ya kitambaa. “Wanasema mwenye kwenda Makka anarudi kama mutoto muchanga. Labda minye nimeanza mbele.”

Mahamudu hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakiweka kijitabu juu ya goti, na hapo Kambo akaona kwamba mchezo umekwisha.

“Kambo, unaenda nyumba ya Mungu kuomba musamaha, na karatasi ya kukufikisha kule ni uwongo? Na hata hiyo tuiache. Kule tutakuwa bega kwa bega, mamilioni. Ugonjwa hautauliza jina yako nani. Utauliza tu, huyu mukono yake ilichanjwa?”

Kambo akafungua kile kitambaa begani, akakikunja.

“Basi niende Jumatano nyingine,” akasema polepole.

“Papa Gracien anarudi Likasi kisha wiki mbili. Tunaruka Jumanne, siku kumi na moja kutoka leo. Na sindano inataka siku kumi mbele ya kufika, ndipo inakamata mwilini. Hesabu mwenyewe.”

Kambo akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole. Ilibaki siku moja tu: kesho, Jumamosi.

“Kesho Papa Gracien iko Kakanda,” binti akasema kutoka ndani. “Alituambia.”

Asubuhi na mapema Husna wote wawili wakapanda taksi-bisi ya Kakanda. Mkubwa alilipa nauli bila kubishana, na dereva aliyemzoea akauliza kama kuna msiba.

Papa Gracien alikuwa ameweka meza yake ndani ya darasa moja la shule, na watu wamepanga mstari mpaka nje: madereva wa malori, wafanyabiashara, mama mmoja anayemfuata mumewe Zambia. Zamu ilipofika akainua macho, akamwona binti.

“Weye tena? Si nilikuchoma Jumatano?”

Binti akamsukuma nyanya yake mbele.

“Papa Gracien,” Kambo akasema, macho chini, “Husna uliyechoma ni ndoyi yangu. Husna wa Makka ni minye.”

Mstari wote ukaangua kicheko. Papa Gracien akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

“Mama, ndoyi anaweza kukuvalia kikwembe. Anaweza kukulilia ku kilio. Lakini damu yake haiwezi kujifunza kupigana kwa ajili ya damu yako. Miaka ngapi?”

“Sitini na tisa.”

“Kwa mutu wa kupita sitini, hii ya homa ya manjano ninauliza kwanza vizuri, kwa sababu mara chache inaweza kumusumbua muzee. Mayai unakula bila tatizo? Unameza dawa gani? Kuna ugonjwa wowote mukubwa ndani ya mwili? Kama upo, sikuchomi hii. Ninakuandikia barua ya kukuachilia, na safari unaenda.”

Barua! Moyo wa Kambo Husna ukaruka. Ugonjwa mmoja tu, hata wa kuazima, na sindano moja inaanguka. Magonjwa aliyajua mengi, majirani walikuwa wameugua kila aina na yeye alikuwa amewatembelea wote. Ulimi ukapanda tayari kuchagua.

Papa Gracien akangoja, kalamu juu ya karatasi. Nyuma ya bega lake kulikuwa na dirisha lililo wazi. Kambo akaliangalia dirisha lile kwa muda mrefu.

“Sina ugonjwa,” akasema mwishowe. “Niko na woga. Tangu darasa la nne. Masomo niliacha juu ya sindano, haikuwa umaskini.”

Binti akageuka akamkodolea macho.

“Woga haina barua, Mama,” Papa Gracien akasema. Akampima presha, akampigia simu daktari wa Lubumbashi, wakasemezana Kifaransa cha haraka, halafu akavunja kichupa. “Tunaenda. Kwanza kushoto.”

Ya kwanza ilimkuta amefumba macho, anasoma Fatiha. Ya pili ilimkuta amefumbua, na ukoo wa Papa Gracien ukatukanwa kuanzia babu wa babu yake mpaka kuku wao. Kisha akakumbuka anakokwenda, akamwomba msamaha hapohapo, yeye na kuku.

Akaandikiwa karte mpya, mwaka wa kuzaliwa ule wa kweli, muhuri wa Jumamosi. Akaambiwa akae kwenye benchi nusu saa waone mwili unasemaje. Mwili haukusema kitu.

Karibu naye alikuwa amesimama dereva mmoja, Kazadi, shingo nene kama mfuko wa simenti wa Kakontwe, anayesafirisha mizigo mpaka Zambia. Jasho lilikuwa linamtiririka. Taratibu akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kambo Husna akamnasa mshipi.

“Unaenda wapi?”

“Kambo,” Kazadi akanong’ona, “ni kweli haiumi?”

Mstari wote ukamgeukia. Papa Gracien naye akamwangalia, akimwomba kwa macho aseme lile neno ambalo wachanjaji wote husema.

“Inauma,” Kambo Husna akasema. “Inauma kabisa, mutoto yangu. Kisha inaisha, na unabaki unaishi. Kaa hapa.”

Kazadi akakaa. Kambo hakuuachia mshipi mpaka zamu yake ilipofika.