Insha ya Shamba la Zabibu

Saa tatu asubuhi Mkuu wa Shule, Mwalimu Batholomeo, alimwita Generosa ofisini akamwacha amesimama. Mezani palikuwa na daftari la Elieth wa Kidato cha Tano na barua ya utambulisho ya Generosa, haina sahihi wala mhuri. Mwisho wa kutuma maombi ya ajira ulikuwa saa kumi jioni hiyo, na bila barua hiyo hayapokelewi. Miaka minne amejitolea kufundisha fasihi hapa, miaka minne anaambiwa avute subira, mpaka wenzake aliohitimu nao chuoni Chimwaga wameacha kumuuliza.

"Soma," Mkuu alisema. "Kwa sauti."

Swali lilikuwa la Generosa mwenyewe: tumia nadharia ya Umarx kuhakiki maisha unayoyajua. Wengine walinakili mwongozo, hoja sita na hitimisho, kama walivyozoea. Elieth, binti wa mfugaji wa kijiji cha Kigwe, aliandika kuhusu shamba la zabibu la Mkuu. Kila Jumatano kipindi cha fasihi kinageuzwa kazi za mikono. Wanafunzi wanapalilia, wanavuna, na makreti yanakwenda sokoni Majengo. Wao hawajaonja hata punje. Generosa alimpa alama themanini na nane, na kwa furaha, masikini wa Mungu, akalisomea darasa zima.

"Haya umemfundisha wewe?"

"Nadharia imo kwenye muhtasari, Mkuu."

"Na shamba langu limo?"

Mkuu akamsogezea daftari.

"Kalamu nyekundu hiyo. Futa, weka sifuri, andika amenakili. Kisha ukalisomee darasa, si unapenda kusoma? Mtoto arudi kwao mpaka bodi ya shule ikae."

"Itakaa lini?"

"Ikikaa."

"Mkuu, baba yake anatafuta sababu tu. Akirudi nyumbani anaozwa."

"Basi na barua yako isubiri bodi."

Generosa aliona aibu, akaona hasira, kisha akaona saa ya ukutani. Akafuta. Mkuu akatia sahihi barua, akagonga mhuri, akaupuliza taratibu ili wino usichafue karatasi.

Darasani alisoma: sifuri, amenakili. Elieth akasimama.

"Nimenakili kitabu gani, madamu?" Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kujua.

"Kusanya vitu vyako."

Sauti ya Generosa haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimtisha kuliko macho ya darasa. Elieth alikusanya madaftari, akafika mlangoni, akageuka kuomba ruhusa ya kutoka kama walivyofundishwa. Akapewa.

Generosa akaandika swali jipya ubaoni: katika tamthiliya mliyosoma, nani anamnyonya nani? Akasubiri. Hakuna aliyegusa kalamu. Mwishowe Matonya, kiranja wa darasa, akanyoosha mkono.

"Tuandikie na majibu kabisa, madamu. Sisi tutakariri."

Wenzake wakafungua madaftari. Generosa akaandika hoja ya kwanza.