Umeng'oa, Hujachoma

Tangu nirudi kutoka kupasuliwa, hakuna aliyenitukana, na hilo liliniudhi kuliko kidonda chenyewe.

Mimi Milembe wa Dutwa ni manju wa Bagika. Huku kwetu ngoma mbili hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ili uwavute, lazima umkejeli manju mwenzako kwa wimbo mpaka watu washike mbavu. Wa kwangu ni Veronica, manju wa Bagalu, mke wa Nyanda, ambaye shamba lake linapakana na langu. Ameniimba meno, ameniimba mwendo wangu wa bata, na mimi sikumwacha salama.

Nilimpata hasa kwenye mabua. Mkulima wa pamba akishavuna sharti ang'oe mabua ayachome, la sivyo funza hujificha humo kusubiri msimu mpya, nao hawajui mpaka wa jirani. Mwaka mmoja Veronica aling'oa yake akayalaza shambani, akasema jua litamaliza kazi. Msimu uliofuata funza walikula vitumba vyake, wakahamia kwangu. Nikatunga wimbo kwamba Veronica amewatandikia funza kitanda, na watoto wakauimba mpaka mnadani.

Mwaka huu ikawa zamu yangu, tena si kwa wimbo. Damu ilianza kunitoka ilhali hedhi nilishaiaga zamani. Mwanza wakasema ni saratani ya mji wa mimba, wakautoa. Nikarudi nyumbani nikijua yamekwisha. Kisha majibu ya maabara yakatoka, daktari akaniita tena. Alisema saratani ilikuwa imeshachimba kwenye ukuta wa kizazi, hivyo ninahitaji mionzi kwa wiki tano, ili iue chembe zozote zilizobaki ambazo jicho halizioni.

"Kizazi mnacho ninyi," nilimwambia. "Sasa mnataka kuchoma nini?"

Alinieleza vizuri sana, ila masikio yangu yalikuwa yamefungwa. Nilirudi Dutwa nikatangaza kwamba siendi. Niliogopa, huo ndio ukweli. Sokoni walisema mashine ya mionzi humkausha mtu akiwa hai, nami niliwaamini watu wa sokoni kuliko daktari, kwa sababu walisema nilichotaka kusikia.

Mume wangu Masalu, ambaye tangu anioe hajawahi kugusa sufuria chafu, akaanza kuosha vyombo. Wanawake wakinisalimia walishusha sauti. Siku ya ngoma niliketi pembeni kwenye kigoda, nikingoja Veronica aanze. Aliniangalia, akageuka, akaimba habari za mvua. Mvua! Hapo nikajua wameshanizika. Nililia njia nzima, na Masalu akadhani ni kidonda.

Baada ya siku chache, nikiwa nakata viazi vya kukausha, vya michembe, uani, nilimwona Veronica amesimama penye ua wa minyaa. Hakunipa salamu ya mwangaluka wala hakuuliza hali. Alishika kiuno, akaanza kuimba kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Milembe kang'oa, hajachoma,
mabua kayalaza, angoja jua.
Funza wampigia makofi:
mama huyu ni mwema,
katutandikia kitanda!"

Sauti ya wimbo ilikuwa yangu. Aliiiba yote, hata ile sehemu ya kuvuta pumzi.

"Huna haya wewe!" nilifoka, kisu mkononi. "Unamwimba mgonjwa?"

"Mgonjwa yuko wapi? Mimi namwona mwoga. Masalu kamwambia Nyanda kila kitu. Walikwambia kachome, unasema kung'oa kunatosha. Nani alinifundisha kwamba jua haliui funza? Si wewe? Tena mbele ya wilaya nzima!"

"Ondoka kwangu!"

"Siondoki." Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka. "Ukifa nitamwimba nani, mayu? Hawa wengine hata kujibu hawajui."

Nilitaka kumrushia kiazi. Badala yake kicheko kilinitoka, nikacheka mpaka mshono ukaniuma, huku naye akilia na kucheka papo hapo penye minyaa. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Masalu alitoka jikoni na sufuria mkononi, nikamwambia anitafutie basi la Mwanza.

Nilifikia kwa binti yetu Gloria. Hospitalini walinichora alama za wino kiunoni, wakanionya nisizifute ninapooga. Kila siku nilikunywa maji mengi nikayabana, nikalala chali bila kutikisika. Kisha wote walitoka na mlango mzito ukafungwa, nikabaki na mashine. Siku ya kwanza nilisubiri moto. Mashine ilinizunguka ikinguruma kidogo, ikanyamaza, wakaja kunishusha. Sikuhisi kitu. Nilihisi hasira tu juu ya watu wa sokoni.

Taabu ilikuja baadaye. Tumbo liliendesha, uchovu ukaniangusha, haja ndogo ikaniunguza, na ikafika siku nikamwambia Gloria anifungie nguo zangu. Alikuwa mjanja. Alipiga simu Dutwa, akaiweka sauti juu, na Veronica akaimba funza wale tukiwa kwenye benchi la kusubiria. Wagonjwa waliojua Kisukuma walicheka mpaka wakawatafsiria wenzao. Jina langu lilipoitwa, niliingia. Tangu hapo, kila mlango ule mzito ulipofungwa, nilitunga jibu kichwani, mstari baada ya mstari.

Siku ya mwisho daktari aliniambia nimemaliza, nirudi baada ya miezi mitatu waniangalie. Nilimuuliza kama naweza kucheza ngoma. "Cheza, mama," alisema, "ila anza polepole."

Kwenye basi, tulipoipita Lamadi, nikakumbuka mabua yangu. Niliyaacha yamesimama shambani, na muda wa kuyachoma ulikuwa umeshapita. Nikaona aibu, mimi mwenye mdomo wote ule.

Shamba nililikuta jeupe. Mabua yote yalikuwa yameng'olewa na kurundikwa katikati. Bagalu walisimama upande mmoja, watu wangu wa Bagika upande wa pili, mikono ya wote ina vumbi. Veronica alinijia na kibiriti.

"Tumeng'oa," alisema. "Kuchoma ni kazi yako."

Niliwasha. Moto ulishika chini, ukapanda, mabua yakaanza kulia pwaa! pwaa! Niliimba jibu langu lote huku nikicheza polepole, kama nilivyoambiwa:

"Nimeng'oa, nimechoma,
mwambieni Veronica.
Funza wanauliza njia,
nimewaelekeza kwake!"

Watu walipiga vigelegele wakaja upande wangu, kwanza wawili watatu, kisha Bagalu wote, hadi ule upande wa pili akabaki Veronica peke yake na vumbi lake. Alitazama kulia na kushoto. Akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akavuka.

"Bado unatembea kama bata," aliniambia sikioni, akaitikia wimbo wangu.